Shimo Linalolindwa na Kuku

Jua ndiyo kwanza linachomoza na kuku wamekwisha kukasirika. Banda lao la mbao linainuliwa huku wao wakiwa ndani. Mama Mapacha ameshika pembe hii, mumewe ameshika ile, na mabawa yanapigwa kana kwamba mwewe ameingia.

"Taratibu, Baba Mapacha. Shusha. Hapo hapo."

Banda linatua kando ya ukuta wa jiko. Mahali lilipokuwa pamebaki tuta la udongo mkavu, pana kama chumba kidogo. Chini ya udongo kuna nailoni nene nyeusi, na chini ya nailoni kuna chakula cha ng'ombe mmoja cha kiangazi kizima. Leo ndiyo siku ya kufungua, na mwandishi wa habari hizi amekaribishwa kushuhudia.

Mama Mapacha anachukua jembe, analiweka chini, anajifuta viganja kwenye gauni, analichukua tena.

"Anza, mwanangu," anasema mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima inamwita Bibi, akiwa kwenye kigoda chake mlangoni mwa jiko. "Kama limeoza limeoza. Halitapona kwa kutazamwa."

Si maneno ya kumtia mtu moyo, lakini ni kweli. Hatua chache kutoka hapo, zizini, amesimama mtamba mweusi mwenye baka jeupe usoni. Wamempa jina la Kipaji. Ana mimba yake ya kwanza na hayuko mbali na kuzaa. Mashamba yamebaki vumbi, na majani ya kando ya barabara yalikwisha zamani. Shimo likiwa limeharibika, Kipaji atafuata njia aliyopita mama yake.

Mama yake aliuzwa kiangazi kilichopita. Majani yakiwapo, alikuwa akitoa lita nane kwa siku, na maziwa hayo ndiyo yaliyolipa karo ya mapacha. Kiangazi kilipokolea, yalibaki ya chai ya asubuhi tu.

"Tena ilikuwa lazima uambiwe kwamba chai ina maziwa," anasema Mama Mapacha. "Tulikuwa tunampa mabua makavu. Mabua makavu yanajaza tumbo, basi. Anatafuna mchana kutwa, na jioni unamhesabu mbavu."

Si kwamba walikaa wakimtazama. Katika kikundi cha wafugaji, Mama Mapacha alikuwa amejifunza kutengeneza sileji. Unapanda mahindi kipande cha ziada, unayakata yakiwa bado mabichi na punje zake laini, unayakatakata vipande vidogo kama kiungo cha kidole. Unanyunyizia molasi, ule uji mweusi mtamu wa kiwanda cha sukari, iliyochanganywa na maji, unajaza shimoni, unashindilia mpaka hewa yote itoke, kisha unafunika kabisa. Ukisubiri wiki kadhaa, majani yanachachuka vizuri na yanaweza kukaa miezi. Adui yao ni mmoja tu, hewa.

Bibi aliposikia mahindi yatakatwa mabichi, alinuna.

"Mahindi yana maziwa, mtu anayapitishia panga!" anasema hata leo. "Nilijua mkwe wangu karogwa."

Kushindilia waliachiwa mapacha, wakarukaruka shimoni siku nzima. Mama yao anasema ndiyo kazi pekee ya nyumbani ambayo hawajapata kuikimbia.

Kila kitu kilifanyika sawasawa mwaka ule. Kisha shimo likakutana na Baba Mapacha.

Huyu ni fundi baiskeli, mcheshi, ambaye kibanda chake kipo njia panda na hakuna anayepita bila kusalimiwa. Alilipenda shimo lake kama mtu aliyenunua redio mpya. Kila aliyeuliza habari zake aliletwa nyumbani, akafunuliwa kona ya nailoni, akanusa, akasifia. Alikuja jirani, akaja shemeji, akaja mteja aliyekuwa anasubiri pancha izibwe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja na mwenyeji akaumia.

"Nilikuwa na furaha jamani," anajitetea. "Mtu katoka kwake kuja kuona. Utamwambia rudi?"

Siku ya kufungua, shimo lilitoa uvundo. Juu kulikuwa na ukungu mweupe, na chini majani yamekuwa meusi yenye utelezi. Mama Mapacha anakumbuka alikaa chini pale pale kwenye udongo.

"Nililia. Sikulilia majani. Nililia kwa sababu nilijua nani atakayeyalipia."

Alilipia ng'ombe. Dalali wa mifugo alifika na kamba yake begani, akazunguka zizi mara moja, akataja bei ya mnyama aliyekonda. Wakaipokea. Baba Mapacha hakufungua kibanda kwa siku mbili, na alipofungua alikuta ameshapewa jina. Mtaa mzima ulikuwa ukimwita Mzee Chungulia.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka huu, nailoni ilipokwisha kufunikwa kwa udongo na mawe, Mama Mapacha aliita watu wakamsaidia kubeba banda la kuku na kuliweka juu.

"Nailoni haina mdomo," anasema. "Kuku wanao."

Na walisema. Jioni moja zilisikika kelele, na Mama Mapacha alipotoka alimkuta mumewe amechuchumaa kando ya tuta.

"Nilikuwa natafuta yai," anasema Mzee Chungulia, bila kumtazama mtu.

"Yai, chini ya udongo?" anadakia Bibi, na kicheko chake kinamtoa machozi.

"Niligusa udongo tu, mama. Sikufunua. Nimekwisha kuapa."

Aliapa, na mkewe alitaka sana kumwamini. Lakini wiki zote zile, kila alipopita karibu na tuta, alivuta pumzi kwa pua kuona kama kuna harufu.

Sasa udongo umeondolewa upande mmoja. Mawe yanawekwa kando. Mama Mapacha anapiga magoti, anakunja nailoni. Anazamisha mkono mpaka kiwiko, anautoa umejaa.

Majani yana rangi ya ndizi inayoanza kuiva. Anayakamua, hayatiririki maji. Anayaleta puani, anafumba macho.

"Nusa," anamwambia mumewe.

Mzee Chungulia ananusa. Harufu ni chachu yenye utamu kwa mbali, kama ya tunda lililoiva. Ananusa tena, kisha anageukia ukuta wa jiko na kusimama hivyo, mgongo kwetu, mabega yakipanda na kushuka.

"Si nilisema?" anauambia ukuta. "Si nilisema sikufunua?"

"Ulisema, mume wangu," anajibu Mama Mapacha. "Asante Mungu, ulisema."

Mwandishi naye anapewa konzi yake anuse. Ni harufu nzuri, hasa ukiwa umesimama katikati ya watu waliokuwa wanaiogopa.

Lakini shughuli haijaisha. Sileji inamwagwa horini, Kipaji anainamisha kichwa, anakoroma kidogo na kugeuza shingo. Anamwagiwa nyingine. Anarudi nyuma. Mama Mapacha anamtazama mumewe.

Bibi ndiye anayeinuka. Anaingia zizini na konzi ya pumba na mabua makavu machache, anapunguza sileji mpaka ibaki kidogo, anachanganya kwa mkono wake.

"Hata mtoto humwanzishii chakula kigeni kwa sahani nzima," anasema. "Kula, mama. Kula, mkwe wangu amekukatia mahindi yangu."

Kipaji anafuata pumba. Analamba, anatafuna, anasita. Kisha anatia pua chini na haiinui tena mpaka ubao wa hori unang'aa. Mama Mapacha anacheka huku anafuta macho, na wala hafichi.

"Mwakani nachimba mashimo mawili," anasema. "Ndama akiwa jike namlea. Mama yake Kipaji alitoka hapa kwa kamba. Huyu atazalia hapa, na mtoto wake atakulia hapa."

Sileji inapofunikwa tena, hodi inasikika. Ni dalali wa mifugo, kamba begani. Habari za shimo kufunguliwa zimemfikia, na amekuja kutazama mambo yamekwendaje.

"Nasikia leo ndiyo leo," anasema. "Hebu nifunulieni kidogo nami nione."

Mama Mapacha anamgeukia mumewe. Mzee Chungulia anakanyaga ukingo wa nailoni kwa mguu, anasukumia jiwe la mwisho mahali pake.

"Kufunua ni asubuhi, wakati wa kulisha," anasema. "Karibu kesho, bwana. Kamba uiache nyumbani."

Dalali anacheka, anaaga, anakwenda zake. Mzee Chungulia anainama kushika pembe ya banda la kuku.

"Tulirudishe?"

Mama Mapacha analitazama tuta, kisha anamtazama yeye.

"Liache hapo," anasema. "Kuku wapumzike."