Blanketi la Bibi na Karatasi ya Duka la Saa

Kila nikisimulia jambo hili watu hucheka, na mimi mpaka leo sijaweza kucheka nao, kwa hiyo safari hii nalisema lote kwa mpangilio wake, kisha mcheke mnavyotaka: nilikwenda Iringa kupokea jibu la posa, nikarudi Mbeya na nusu ya blanketi magotini.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, barabara kuu ya lami ikiwa bado inatengenezwa, nami nikifundisha shule ya msingi Ilomba. Mjini Mbeya palikuwa na maduka mengi, lakini ikifika Desemba ungedhani liko moja tu. Tuliliita Duka la Saa, kwa sababu ya saa kubwa iliyotundikwa juu ya mlango wake, na mwenyewe, mzee wa Kihindi mwenye sauti ya chini, tulimwita Babu Saa (jina lake halisi sidhani kama kuna mteja aliyelijua). Mdogo wake alikuwa na tawi Iringa. Wiki ya Krismasi mstari ulianza mlangoni pa Babu Saa, ukakata kona, ukapita mbele ya maduka mengine matano ambayo wenyewe walikuwa wamekaa vizingitini wakiwatazama wateja wasio wao.

Mimi nilikuwa nimekabidhiwa gazeti la ukutani la darasa la watu wazima, na niliichukulia kazi hiyo kwa uzito mkubwa kuliko ilivyostahili. Asubuhi ya siku ya safari yangu, mkesha wa Krismasi, nilichukua daftari nikaupita ule mstari kuanzia mkiani, nikiuliza kila mtu swali moja: kwa nini hapa?

Mama mmoja kutoka Ubaruku, aliyekuja kwa lori la mpunga, alinijibu bila kugeuka. "Hapa sibishani. Bei imeandikwa, nalipa naondoka. Kule sokoni nikitoka na sufuria moja nimechoka kama nimelima."

Mfugaji mmoja wa Usangu, Msukuma, aliniambia kwamba siku nyingine hata haji. "Nampa dereva wa basi orodha, kifurushi kinakuja kimeandikwa jina langu. Leo nimekuja kwa sababu mke wangu anataka kuiona hiyo saa."

Mchimbaji wa Chunya, nguo zake zikiwa bado na vumbi jekundu, alisema kila kitu kiko mlango mmoja, karai mpaka biskuti. Na bibi mmoja wa Kisafwa akanishika mkono wenye kalamu, akasema, "Andika hili, mwanangu. Kitu kikikukataa, wanakubadilishia. Hata risiti hawaulizi. Wanaangalia karatasi yao."

Karatasi hiyo nayo ilikuwa na habari zake. Ilikuwa ya kaki, ngumu, yenye muhuri wa saa ya buluu, ikifungwa kwa kamba nyeupe, na hakuna nyumba iliyoitupa: watoto walifunikia madaftari, akina mama walitandikia kabati. Zawadi ikiwa ndani ya karatasi ile haikuhitaji maelezo.

Niliyaandika yote kwa namba, moja hadi nne, na mwisho nikaongeza maneno yangu mwenyewe (nayakumbuka, laiti ningeyasahau) kwamba watu wetu wanafuatana tu, na kwamba mtu mwenye akili hupata blanketi lilelile nyuma ya soko kwa bei nafuu bila kusimama juani.

Sasa, nyumbani nilikuwa na jambo langu. Yusta, binti wa Mzee Chengula, fundi seremala wa Kihesa, tulijuana Mbeya alipokuwa akisomea uuguzi. Mjomba wangu alikuwa mshenga, na mwezi wa kumi alikuwa amerudi kutoka Iringa na maneno mazuri. Baba hana kinyongo. Lakini kwa familia ile jibu halitolewi na baba, linatolewa na bibi mzaa baba: mkwe mtarajiwa anamletea blanketi, bibi anajifunika mbele ya watu, na akisema "nimepata joto," basi maneno yamekwisha, ndipo mahari itajwe. Asiposema, hakuna ugomvi wala matusi. Unakula, unashukuru, unakwenda zako.

Nilikuwa nimepanga kulinunua kwa Babu Saa, kama kila mtu. Lakini nilipomaliza kuwauliza watu kwa nini wamepanga mstari, mstari ulikuwa umefika mbali, na basi la Iringa linaondoka saa sita. Nikatazama mkia wa mstari, nikatazama daftari langu, nikayasoma tena yale maneno ya mtu mwenye akili, nikakata kona kwenda nyuma ya soko kwa Bwana Kyando.

"Blanketi jipya, Mwalimu. Shika uone."

"Punguza."

"Nimeshapunguza, leo sikukuu."

"Punguza tena, mimi ni mwalimu, unanijua."

Tukavutana. Nilimvuta kweli, nikamwambia mpaka habari za wanangu wa darasani wanaotoka ukoo wake, nikageuka kuondoka mara mbili. Mwishoni akasema, "Kwa bei hiyo, basi ngoja." Akaingia ndani akatoka na blanketi jingine, kijivu, lenye mstari mwekundu, limekunjwa vizuri kama kitabu. "Hili ndilo la bei hiyo."

Sikulikunjua. Mimi niliyekuwa nimeuliza maswali asubuhi nzima, hapo sikuuliza hata moja.

Nikakimbia nyumbani Ilomba. Chini ya godoro nilikuwa na karatasi ya Duka la Saa niliyoihifadhi tangu Pasaka. Nikaipiga pasi ya mkaa (ndiyo, niliipiga pasi karatasi), nikafunga blanketi, nikakaza kamba nyeupe, muhuri ukakaa katikati kabisa. Nilipopanda basi watu wawili walinipisha niweke kifurushi mahali pasafi. Mmoja akasema, "Aa, kwa Saa!" Nikatabasamu. Mpaka Chimala nilikuwa nikitabasamu.

Krismasi, baada ya kanisa, tulikaa sebuleni kwa Mzee Chengula: yeye mwenyewe, mkewe, Yusta, mjomba wangu aliyekuwa ametangulia, majirani kadhaa, na bibi kwenye kiti cha mikono alichotengenezewa na mwanawe. Wakaniuliza habari za Mbeya, na mimi, mdomo ukiwa na wali kuku, nikawasimulia uchunguzi wangu. Nikawahesabia kwa vidole kwa nini watu wote wako kwa Saa: bei moja, vifurushi kwa basi, kila kitu mlango mmoja, na kubadilishiwa bila kuulizwa risiti, karatasi tu. Ile sehemu ya mwisho, ya mtu mwenye akili, niliiruka. Mzee Chengula akanisikiliza kwa furaha, akamwambia jirani yake, "Huyu anaangalia mambo."

Kifurushi kikafunguliwa. Mama yake Yusta akaikunja karatasi vizuri akaiweka kando. Bibi akasimama, wakamfunika kichwani, blanketi likashuka mabegani, likashuka kiunoni, likafika magotini, likaishia hapo.

Bibi akajitazama chini.

"Kamwene, miguu," akasema, akiisalimia kwa Kihehe. Kisha kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mwalimu, miguu yangu iko nje, inaona watu."

Wakacheka, lakini kwa wema, na Mzee Chengula akatoa futi yake ya useremala akapima, akatikisa kichwa. "Wamekosea saizi, hili la mtoto. Usijali, Mwalimu, umetueleza mwenyewe, hawa wanabadilisha. Keshokutwa wakifungua tunakwenda kwa mdogo wake Babu Saa hapo mjini. Bibi atachagua mwenyewe."

Nikasema nitalirudisha mimi mwenyewe Mbeya. Akasema, ya nini kulipita duka ukaenda mbali? Nikasema risiti imepotea. Akacheka. "Si umesema hawaulizi risiti?"

Nilikuwa na siku nzima ya tarehe ishirini na sita. Hilo ndilo linaloniuma. Asubuhi Yusta alinikuta uani nikinawa, akaniuliza, "Mbona hukulala? Kuna nini?" Nikamwambia ni baridi ya Iringa. Mchana baba yake alinionyesha kitanda alichokuwa akitengeneza, hakusema cha nani, akapitisha mkono juu ya ubao akaniangalia. Mdomo nilikuwa nao, sauti ilikuwapo, na sentensi yenyewe ilikuwa fupi: Mzee, si la Saa. Nikasifu ubao.

Tarehe ishirini na saba tukaenda, watu watano, bibi akiwa amevaa kitenge cha kanisani. Duka lilijaa, maana baada ya sikukuu ndipo watu hubadilisha viatu na mashati. Bwana mdogo, mdogo wake Babu Saa, alikuwa na sauti ileile ya chini na adabu ileile. Alimwamkia bibi, akamwekea kiti, akapokea kifurushi (mama yake Yusta alikuwa amekifunga upya vilevile). Akaifungua karatasi akaigeuza upande wa ndani. Sikujua kwamba upande wa ndani huandikwa namba kwa penseli. Akachukua daftari nene.

"Vifurushi vya Mbeya vina nakala hapa," akasema, akitafuta kwa kidole. "Hiki ni cha Pasaka. Sufuria mbili na kifuniko. Mwalimu Ambakisye, Ilomba."

"Sufuria?" akauliza Mzee Chengula.

Bwana mdogo akalikunjua blanketi juu ya meza, mbele ya watu wote, akalinyoosha kwa mikono miwili, akalitazama huku na huku. Halafu akasema neno ambalo nimelisikia kila Krismasi tangu siku ile, na alilisema bila hasira, kama daktari anavyomwambia mgonjwa.

"Ndugu, karatasi ni yetu. Blanketi si letu."

Akaendelea kumweleza bibi, kwa heshima, kwamba blanketi zima lina mstari mwekundu mara mbili, kichwani na miguuni. Hili lina mstari mmoja. Upande wa pili limekatwa na kushonwa upindo kwa uzi mweupe. "Ni nusu, bibi. Lina kichwa tu."

"Na miguu?" akauliza mtu mmoja nyuma, ana viatu vya mtoto mkononi.

"Imebaki Mbeya!" akajibu mwingine.

"Mwalimu wa hesabu huyo, anafundisha kugawanya kwa mbili!"

Duka zima likaangua kicheko. Mjomba wangu alivua kofia akaivaa tena, akatoka nje. Yusta hakucheka. Alinitazama mara moja, kisha akamtazama bibi yake, na hakunitazama tena.

Mzee Chengula aliagiza blanketi zima, la mistari miwili, akalipa mwenyewe. Bibi akajifunika palepale kwenye kiti, likafika chini mpaka likafunika viatu, akamwambia mwanawe mbele yangu, "Nimepata joto." Wote tuliokuwa tumetoka Kihesa tulijua maneno yale yalikuwa ya nani.

Kisha bibi akanigeukia. "Fupi ningelala nalo, baba. Mimi ni mzee, nakunja miguu. Ungesema tu."

Bwana mdogo alinirudishia nusu yangu. Nilipoinyooshea mkono karatasi, akaiweka chini ya meza. "Hii itabaki hapa," akasema.

Jibu la posa lililetwa na mjomba mwezi wa pili, na halikuwa na matusi, kama desturi yao. Yusta aliolewa na fundi wa redio wa Mafinga. Nasikia kitanda ni kilekile.

Nilimwendea Bwana Kyando na hasira zangu, nikamsimulia yote, mpaka ya karatasi. Alinisikiliza akiwa amekaa peke yake kwenye duka lisilo na mtu. "Ulitaka karatasi ya Saa na bei ya kunikaba," akasema. "Mimi nina watoto, Mwalimu. Ungesema ni la ukweni ningekupa zima hata kwa hasara. Hukusema. Wala hukulikunjua." Mwaka uliofuata kwenye kibanda kile alikaa mtu mwingine.

Gazeti la ukutani nililibandua mwenyewe. Nilikuwa nimeuliza mstari mzima, nikaandika sababu nne, na ile kubwa nikaipita bila kuiona: pale mtu aliambiwa kitu ni nini, hata kama kumwambia kunauma. Mimi sikuweza kufanya hivyo kwa siku mbili, kwa watu waliokuwa tayari kunipa binti yao.

Siku ile ya kurudi, blanketi nililipakata wazi, halina hata gazeti la kulifunika. Makambako ilikuwa baridi na ukungu, akapanda mama mmoja mnene akaketi kando yangu, akalishika pembe akalipapasa.

"Zuri. La Saa hilo, mwanangu?"

"Hapana, mama," nikasema. "Ni nusu ya la sokoni."

Akaliachia pembe, akasogea kidogo kuelekea dirishani. Tangu siku hiyo zawadi sifungi. Harusi, ubatizo, sikukuu, nabeba kitu mkononi, wazi, kila mtu akione kilivyo, na kama ni kifupi nasema ni kifupi kabla sijakaa. Wanangu wanaona haya kutembea nami. Lile blanketi ninalo bado. Hulitandika miguuni, maana huko juu halijawahi kutosha.