Mizinga ya Fundi

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba: chumba cha mabati chenye dirisha moja la wavu, meza ya kazi iliyojaa makovu ya msumeno, na mlango uliofungwa kwa ndani kila kazi ilipoanza. Mbele ya nyumba, kwenye kiti, alikaa Fundi mwenyewe, akipokea wateja na kuwasindikiza. Mteja akisikia randa inakwenda huko nyuma ilhali Fundi yuko mbele yake anapiga soga, akauliza ni nani huyo, alijibiwa, "Nina kibarua mle ndani. Mimi namwelekeza tu."

Kibarua huyo alikuwa mkewe wa ndoa.

Majirani walimwita Mama Vumbi. Jioni walimwona akitoka karakana kope zimekuwa nyeupe kwa unga wa mbao, wakadhani kazi yake ni kufagia. "Mama Vumbi, leo umefagia kwa kichwa?" walimtania, naye akacheka nao, maana kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza. Lakini kicheko chenyewe kiliishia kooni, hakikufika tumboni.

Mambo hayakuanza kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Fundi alikuwa fundi kweli, wa milango na vitanda. Siku moja alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiliezeka, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, na mfupa ukaunga vibaya. Mkono ukabaki kama wa kuazima. Kijiko ulishika, brashi ulishika, lakini randa haukuisukuma wala msumeno haukuuongoza.

"Nisaidie siku mbili tatu, mama," alimwambia mkewe. "Mpaka mkono upone. Ila watu wasijue, watahama."

Akamsaidia. Nani asingemsaidia mume aliyevunjika? Alikuwa amemshikia mbao tangu waoane, na jicho lake lilikuwa limejifunza hata kabla mikono haijaigusa kazi. Mkono haukupona. Siku mbili tatu zikawa miaka, na binti yao aliyekuwa akitambaa juu ya maranda ya mbao akawa msichana wa kuvaa viatu vya mama yake.

Kisha ikaja kazi ya mizinga. Kikundi cha wafugaji nyuki kilikuwa na mwenyekiti wake, mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alikuja akauliza kama Fundi anaweza kutengeneza maboksi ya nyuki, yale ya kisasa, yenye fremu za kuchomoa. Fundi hakuwahi kuliona hata moja. Akajibu, "Kwani ni kazi hiyo?" Usiku ule ule akamuuliza mkewe mizinga ikoje.

Mama Vumbi hakusoma. Shule aliiona kwa nje, alipokuwa akimpeleka binti yake. Basi alifanya alivyojua: alikwenda kwa Mrina, mzee aliyewarinia watu wote asali, akajifanya amekuja kununua chupa moja, akasimama kando akitazama mzee akifungua boksi lake la zamani. Mrina ni mtu wa kuongea na nyuki kuliko watu, lakini akiulizwa jambo la nyuki hanyamazi. Alimwonyesha kwamba kati ya fremu na ukuta wa boksi lazima ibaki njia ya nyuki kupita, basi. Njia ikiwa nyembamba, nyuki wanaiziba kwa gundi yao, na fremu haitoki mpaka uivunje. Ikiwa pana, wanajenga masega hapo hapo katikati, ukivuta fremu asali yote inachuruzika chini. Mama Vumbi aliporudi nyumbani alichukua penseli ya binti yake, akaipitisha kati ya mbao mbili, akaona ndiyo yenyewe. Tangu siku hiyo penseli ikakaa karakana, haikuandika herufi hata moja.

Akajua pia kwamba nyuki wanachagua nyumba kwa pua. Ndani ya boksi aliacha mbao tupu, akaisugua kidogo kwa nta ya sega kuukuu, ili nyuki wakiingia waone kama kuna mwenzao alitangulia. Nje alipaka nta iliyoyeyushwa. Kona alizifunga kwa meno aliyoyachonga kwenye ncha za mbao, zikaumana hivi kwamba hata kabla ya gundi ungeweza kuliinua boksi kwa kona moja lisicheze.

Mizinga ikapendwa. Nyuki waliingia wenyewe, hata kabla watu hawajamaliza kuitundika. Kwenye mikutano ya kikundi wakasema mizinga ya Fundi hivi, mizinga ya Fundi vile. Mama Vumbi, mikono imejaa mibanzi, alikuwa nyuma ya mlango siku Mwenyekiti alipopaza sauti barazani: "Fundi, hiyo mikono yako Mungu aibariki!"

Na Fundi, bila hata kukohoa, akasema, "Amina."

Siku hiyo alimwambia mumewe, "Waambie basi."

"Nitawaambia, mama. Tumalize kwanza oda hii."

Oda hiyo ikaisha, ikaja nyingine. Mama Vumbi hakutaka ngoma wala kutangazwa. Alitaka siku moja mtu asimame mbele yake, ashike boksi, aseme, hili umelitengeneza wewe. Hilo tu. Mwenye njaa ya ugali humpi picha ya ugali, na Fundi alikuwa akimpa picha: kila mteja akiondoka, aliingia karakana akamwambia, "Wamekusifu kweli leo." Wamekusifu! Wakati hata kivuli chake hawakijui.

Basi shangazi yake Mama Vumbi akaugua, yule aliyemlea tangu utoto, na ikabidi aende kumuuguza. Aliiacha mizinga imesimama safu karakana, imekamilika, imebaki kusuguliwa nta. Alimwambia Fundi, "Wasije kuichukua kabla sijarudi." Aliporudi, karakana ilikuwa tupu. Sakafuni palikuwa na kopo na brashi, na hewa yote ya chumba ilinuka gereji.

"Baba," aliita, "hii ni nini?"

"Oili chafu," Fundi alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo mkewe hakuwa ameiona kwa miaka. "Nimeimaliza mizinga mwenyewe. Mchwa hawagusi hapo hata wakifa njaa. Mwenyekiti amechukua yote."

"Umepaka wapi?"

"Kwenye mbao."

"Mbao za wapi? Nje au ndani?"

Fundi alitazama pembeni. "Mchwa anajua nje na ndani?"

Ni fundi wa milango peke yake anayeweza kufanya hivyo. Maisha yake yote aliinywesha mbao oili chafu, na mbao zake zilidumu, na hakuna mlango uliowahi kulalamika harufu. Mama Vumbi alielewa pia, bila kutaka kuelewa, kwamba brashi ndiyo kazi pekee ambayo mkono ule uliiweza, na kwamba mtu huyu alitamani walau siku moja aseme "nimefanya" isiwe uongo. Akaelewa, na hasira ikazidi. Kumwonea mtu huruma na wakati huo huo kutamani kumpiga na ubao ni kazi nzito kuliko kuranda.

"Hawataingia," alisema.

"Wataingia. Nyuki ni wadudu, wana nyumba ngapi za kuchagua?"

Hawakuingia. Mwenyekiti alikuja asubuhi moja na Mrina, nyuma yao mkokoteni umebeba boksi moja. Safari hii hapakuwa na utani. Mrina alilishusha barazani, akafungua kifuniko, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyefungua choo.

"Fundi, nusa," alisema Mwenyekiti. "Nusa mwenyewe. Wengine waliingia wakatoka siku hiyo hiyo. Wengine wamezunguka tu kama wageni waliokataliwa harusini. Msimu wa maua umetupita hivi hivi. Wewe umetufanyia nini?"

Mama Vumbi alikuwa amesimama mlangoni, na binti yake nyuma yake. Alimwona mumewe akiingiza mkono mbovu mfukoni. Kisha akamsikia.

"Mama Mwenyekiti, nisikufiche. Mimi mkono wangu unanisumbua. Mizinga hii ametengeneza mke wangu."

Maneno yale! Yale yale aliyoyangoja miaka yote, yamepangwa sawasawa kama alivyoyapanga yeye kichwani akiwa ananoa patasi: ametengeneza mke wangu. Yalimfikia yakiwa yamegeuzwa ncha. Mwenyekiti alimgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu mizinga ianze, mtu wa kikundi alimtazama usoni akiwa na neno mzinga mdomoni.

"Kumbe! Wewe, Mama Vumbi?"

Angeweza kukana. Angesema, siyo mimi, nilikuwa kwa shangazi, na ukweli ungekuwa wake. Lakini akiikana mizinga hii, amekana yote. Akashuka barazani, akaweka kiganja juu ya boksi.

"Ni mimi," alisema. "Hii, na ile ya mwanzo, na yote mliyochukua hapa. Kila kona nimeifunga mimi. Ila oili sikupaka. Oili amepaka yeye, mimi sipo."

Halafu Fundi akacheka, kicheko cha mtu anayezama akashika jani.

"Mnamsikia? Mazuri yote ni yake, baya moja ni langu!"

Na Mwenyekiti, Mungu amsamehe, naye akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama watu wanavyocheka mke na mume wakirushiana lawama, akitaka hewa ipoe. Mama Vumbi alimtazama Mrina, aliyemfundisha njia ya nyuki.

"Mzee, wewe unajua. Nilikuja kwako."

"Ulikuja kununua asali," alisema Mrina, akifunga kifuniko. "Mwanangu, ugomvi wa nyumba mimi siuingii. Nyuki wananitosha."

Mwenyekiti akamshika bega. Mkono wake ulikuwa wa upole, na upole huo Mama Vumbi hakuusahau. "Basi, mama, yameisha. Kikundi tumekubaliana mtutengenezee mingine, msimu wa pili usitupite. Lakini Fundi, safari hii shika randa wewe mwenyewe, hata polepole. Turudishie ile mizinga yako ya zamani. Mama naye amechoka, mwache apumzike."

Wakaondoka na mkokoteni mtupu, boksi wakaliacha barazani linanuka.

Fundi alikaa kidogo, kisha akasimama, akajinyoosha kama mtu aliyetoka msibani salama. "Afadhali. Nilidhani watatukimbia kabisa. Haya mama, kesho uanze mapema. Mbao zipo."

"Nianze nini?"

"Mizinga."

"Mimi nimeambiwa nipumzike."

Alicheka akidhani ni utani. Alipoona mkewe amevuta kigoda, ameketi na sinia la mchele, akichagua mawe kama mwanamke asiye na kazi nyingine duniani, akaacha kucheka.

"Mama," binti alinong'ona, "tutakula nini?"

"Huo mchele."

"Na ukiisha?"

Mama yake akaendelea kuchagua mawe. Asidhani mtu kwamba alifurahia. Alijua wazi kwamba Fundi akianguka hataanguka peke yake. Sufuria lao ni moja. Siku ile na ile iliyofuata alipika, akafua, akamwogopa kila mtu aliyepita njiani kama anayekuja kuuliza mizinga. Vidole vilimwasha. Na huko nyuma, mlango ukiwa wazi kwa kuwa hapakuwa na wa kufichwa, Fundi alianza kazi.

Alimsikia. Randa ilikwenda, ikakwama, ikaruka. Ilikuwa inakwenda kinyume na nyuzi za mbao, inazing'oa badala ya kuzilaza, wala hakuhitaji kuona ili ajue. Msumeno ulibanwa, ukalia kama mbuzi. Mara mbili Mama Vumbi alijikuta ameinuka. Mara mbili akajikalisha kwa nguvu, akashika upande wa kigoda kama mtu aliye kwenye gari linaloyumba.

Alasiri, Fundi alitoka na boksi mikononi. Jasho lilikuwa limemlowesha mpaka kiunoni, na kifundo cha mkono kimevimba. Aliliweka chini mbele yake. Liliyumba, likaegemea upande mmoja, kona moja imeachia kiasi cha kuingiza kidole.

"Wataona?" aliuliza.

Mama Vumbi aliliinua kwa kona moja, likacheza. Angependa liwe baya zaidi, limpe raha. Lilikuwa la mtu aliyejitahidi.

"Wataona."

Fundi alichuchumaa. Hakuwa na sauti ya barazani tena. "Basi nenda kwa Mwenyekiti. Mwambie ni wewe."

"Nilimwambia."

"Mwambie tena."

"Nimwambie mara ngapi? Nilisema mbele yako, ukacheka, akacheka." Aliingiza kidole kwenye kona iliyoachia, akakitoa. "Mdomo wangu mimi hausikiki pale, baba. Wewe ndiye uliyewaambia nusu. Kawamalizie."

"Watasema nimewadanganya miaka yote."

"Watasema."

"Na oili?"

"Na oili."

Binti alikuwa ameacha kuosha vyombo. Fundi alitazama barabara, akatazama boksi, akamtazama mkewe kama anayemngoja aseme basi, yaishe, lete randa. Kwa miaka yote Mama Vumbi alikuwa akisema hivyo. Neno lilikuwa pale pale mdomoni, limeiva. Akaling'ata.

Fundi aliingia ndani kubadili shati, kama mtu wa kwenda kwa Mwenyekiti. Mlango wa chumba ulifungwa. Mama Vumbi alisikia kitanda kikilia, kama mtu amekaa, kisha hakusikia kitu. Huenda alikuwa anafunga vifungo kwa mkono ule mmoja. Huenda alikuwa amekaa tu. Binti alitaka kwenda kuangalia, mama yake akamshika gauni.

"Mwache," alisema. "Atoke mwenyewe."