Mwenyeji wa Sherehe

Koridoni mwa mahakama, mwenyeji wa sherehe iliyowaleta pale alivuta mikono ya sweta hadi ikamfunika vidole, akiwahangaikia wageni wake kama mama aliyepeleka watoto kliniki. "Jamani, mmekula? Maji mnayo?"

"Tulia basi, dada," Tobin, mmoja wa wageni, akamcheka. "Wewe hujaandikiwa faini."

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Polisi walipokuja kwa sababu ya kelele, yeye alikuwa ametoka kununua barafu, wakawaandikia wageni. Ndani, hakimu akamuuliza Tobin nani alifungulia muziki. Mwenyeji akasimama kabla Tobin hajajibu. "Ni mimi, Mheshimiwa. Nyumba ni yangu. Wageni waliniomba nipunguze sauti, nikakataa."

"Kaa chini, wewe!" Tobin akamnong'oneza.

Hakimu akawafutia wageni faini, kisha akamwita mwenyeji mbele. Alikuwa keshaanza kutembea kuelekea huko.