Kichwa Kipya kwenye Reli za Marehemu

Chumba cha nyuma hapa kwangu Tunduma hakina kitanda. Kina ubao mpana uliolazwa juu ya meza mbili, na juu yake reli za treni ndogo zimezunguka umbo la yai. Marehemu mume wangu ndiye aliyezipigilia. Alikuwa dereva wa treni kubwa, na alipostaafu alinunua hii ndogo kwa muuza mitumba upande wa Zambia: reli, mabehewa, kichwa kimoja chekundu, na kisanduku cha umeme chenye kitufe cha kuzungusha kama cha redio. Ukizungusha kidogo, umeme kidogo unaingia kwenye reli, treni inatambaa. Ukiongeza, inakimbia. Hakuna zaidi ya hapo.

Jioni tulikaa humo wawili. Yeye anaendesha, mimi nachambua maharage, huku anataja stesheni na watu wake. Majina hayo ninayo yote mpaka leo, ya madereva, mafundi, wapeperusha bendera, na wake zao. Siyaandiki hapa kwa sababu wana watoto na wajukuu. Ila ninayo, na sina tena wa kumtajia jina akaitikia, "Ehe, huyo."

Mimi pia alinifundisha kuendesha. Nikizungusha kwa haraka ananishika mkono. "Polepole, bibie. Dereva hashtui mabehewa. Huko nyuma kuna watu wameshika chai."

Alipofariki niliendelea peke yangu, mpaka kichwa chekundu kikatoa harufu ya kuungua kikafa. Nikamwambia mwanangu. Ninaye mmoja tu, anafanya kazi Ulaya na yuko huko na watoto wake, na tangu tumzike baba yake hajarudi. Akanunua kichwa kipya, akampa msafiri aniletee. Nikakiweka relini, nikazungusha polepole kama nilivyofundishwa, mpaka pale ambapo chekundu kilikuwa kinaanza kutambaa. Kimya.

Jumapili mwanangu akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mzigo umefika, ila hakitembei. Kimekaa kama kuku anayeatamia."

Akacheka, kisha akanieleza. "Hicho ni cha dijitali, mama. Ndani kina kompyuta ndogo, kinasubiri kupewa amri. Kisanduku cha baba hakijui kutoa amri, kinajua kusukuma umeme tu. Usihangaike nacho. Krismasi nitakuja na mtambo wake."

"Utakuja mwenyewe?"

"Nikimtuma mtu atafunga ovyo. Nitakuja."

Tangu siku hiyo nikakipenda kile kichwa kwa kugoma kwake. Kila siku nakipangusa vumbi la malori ya mpakani, nazungusha kitufe mpaka pale pale, naona hakitikisiki. Nakiambia, "Vizuri, kaa hivyo hivyo," naenda kupika. Nilikwishaagiza kahawa kwa ndugu zangu kule Mbozi, maana mwanangu anasema ya huko aliko haina harufu.

Jirani yangu ni mama wa Kizambia aliyeolewa hapa. Huniita mayo, yaani mama kwa Kibemba. Alinikuta hivyo siku moja.

"Mayo, wenzako wanafurahi gari likiwaka, wewe unafurahi likigoma?"

"Likigoma, fundi anakuja."

"Basi wasalimie abiria."

"Abiria ni mimi. Nimeshazoea kusubiri."

Kisha ikaja asubuhi ambayo umeme ulikatika bila mimi kujua. Nikazungusha, kimya. Nikaongeza kidogo, kimya. Nikaongeza tena, ili nipate hakika, nikakiacha kitufe huko juu nikatoka uani kupukuchua mahindi na jirani. Tukiwa katikati ya maneno, akainua kichwa.

"Mayo, kuna lori ndani ya nyumba yako."

Tukaingia. Umeme ulikuwa umerudi. Kichwa kimewasha taa, kimesimama kinanguruma, halafu kikaondoka chenyewe. Ndipo nikaelewa. Ile kompyuta ya ndani inataka kula fungu lake la umeme kwanza, iamke, ndipo magurudumu yapate. Mkono wangu wa polepole ulikuwa unakinyima kila siku, naacha kabla hakijashiba. Jirani alipiga makofi. Mimi nilisimama tu mlangoni. Ule mngurumo, sauti ya treni kubwa waliyoirekodi ndani yake, ndio niliokuwa nausikia toka mbali nikiwa kijana, nikabandika maji ya mume wangu ya kuoga.

Jumapili niliingia chumbani na nia moja, nimfiche mwanangu kwamba kinatembea. Jirani hana namba ya mwanangu, nani angemwambia. Lakini simu ilipoita treni ilikuwa inazunguka, kwa sababu tangu iwake hapakuwa na siku niliyoacha kuiendesha.

"Mama, hiyo ni nini?"

Ningeweza kusema redio. Lakini ni nani mwingine duniani aliyelala utotoni akisikiliza sauti ile, akijua baba anarudi? Nikasogeza simu karibu na reli.

"Ni yenyewe," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni yenyewe kabisa, mama. Umefanyaje?"

Nikamweleza. Akanisifu sana, akasema hata wenye duka hawakumwambia hivyo. Kisha akavuta pumzi.

"Basi afadhali. Maana huku kazini likizo ya Krismasi imebana. Ule mtambo sasa hauhitajiki, nitakutumia mabehewa. Au unaonaje?"

Alingoja niseme. Najua alingoja.

"Haya, baba," nikamwambia. "Wasalimie watoto."

Akakata. Nikavuta kigoda nikakaa mbele ya ubao. Kukipunguza mwendo polepole, kama nilivyofundishwa, siwezi. Umeme ukishuka kidogo tu kinazimika ghafla, taa na sauti kwa pamoja. Nikakiacha kizunguke.