Mluzi wa Kuvuka Barabara

Saa mbili asubuhi, Mama Mluzi amepiga magoti kwenye kizingiti cha chumba chake cha kazi, mlango na madirisha yote wazi. Mbele yake kuna mfuko mkubwa alioushona kwa mashuka mawili, umejaa sufi na kufungwa kamba shingoni. Anaupiga kwa fimbo kutoka nje ili sufi iliyoshikana iachane. Pa! Pa! Kisha anatulia na kuvuta hewa polepole kwa pua, chini ya kitambaa alichojifunga usoni.

"Zamani ningekuwa nimeshamaliza mito miwili," anasema akicheka. "Sasa naenda kama konokono mwenye mimba."

Ana miaka hamsini na mmoja. Ishirini na tisa kati ya hiyo ameshona mito na magodoro ya sufi, kazi aliyorithi kwa mama yake. Jina la Mama Mluzi alipewa na majirani. Chai ikiwa tayari, alikuwa akisimama mlangoni na kupiga mluzi mmoja mrefu, na mume wake, fundi viatu mwenye meza ng'ambo ya barabara, anaweka nyundo chini na kuja.

Mwaka jana mluzi ulikatika. Kilichotoka kilikuwa upepo mtupu. Akaanza kumwita mumewe kwa kugonga kifuniko cha sufuria.

"Nilidhani ameninunia," anasema fundi viatu. "Mtu wa kunipigia mluzi leo ananipigia kifuniko? Nikajiuliza nimekosa nini."

Kumbe kilichokosekana ni pumzi. Kutoka mlangoni hadi bombani ni hatua arobaini tu, naye alikuwa akipumzika mara mbili.

Si kwamba hakujilinda. Kama mama yake, alibana pumzi kila alipochambua sufi, na jioni alikunywa kikombe cha maziwa ya kuosha vumbi kifuani.

Alipokwenda zahanati na kueleza hayo, muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa upole, "Mama, ukishabana pumzi, inakuwaje?"

"Naiachia, mwanangu. Halafu navuta nyingine kubwa, kwa mdomo."

"Humo humo kwenye vumbi?"

Mama Mluzi akaitikia kwa kichwa.

Muuguzi akamweleza kwamba pua ina vinyweleo na ute wa kunasa vumbi, lakini mdomo hauna chujio hilo. Hewa hushuka kwenye koo la hewa, ambalo hugawanyika matawi mawili, kisha matawi madogo zaidi na zaidi, hadi mirija myembamba kuliko uzi wa cherehani. Mwisho wake kuna vifuko vidogo mno. Hapo damu huchukua oksijeni na kuacha hewa iliyotumika, nayo hutoka tunapopumua nje. Vumbi huikera mirija hiyo ikavimba, njia ikawa nyembamba.

"Mimi nilidhani mapafu ni foronya mbili tupu," anasema Mama Mluzi. "Akaniambia, hapana mama, ni mito iliyojazwa vizuri. Hapo nikaelewa."

Akauliza habari ya maziwa.

"Hayo yana njia yake, ya chakula," alijibu muuguzi. "Ukimeza, kijifuniko kinaziba njia ya hewa. Hayajafika mapafuni hata siku moja."

Fundi viatu, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, akajipiga paja. "Miaka yote hii tumeosha tumbo!"

Siku hiyo Mama Mluzi alipuliza kwenye kidude chenye mshale, cha kupima nguvu ya pumzi. Ukasimama kwenye 210. Kwa umri na kimo chake, muuguzi alitarajia karibu 370. Daktari akampa dawa ya kuvuta na muda wa miezi mitatu: mshale usipopanda, sufi iachwe.

"Nilirudi nimenywea," anasema. "Nikiiacha nishike nini? Mikono yangu inajua hiki tu."

Ndipo akaushona ule mfuko, vumbi libaki ndani yake. Mito mitano ya siku ikawa miwili. Kila asubuhi hulala chali na mto juu ya tumbo, kama alivyofundishwa. Akivuta pumzi, msuli ulio chini ya mapafu hushuka, hewa huingia, na mto hupanda.

"Mimi naukodolea mto huo macho kama maziwa yaliyo jikoni," anasema mumewe, ambaye huketi kando yake.

Jana miezi mitatu ilitimia. Alipuliza mara tatu. Mshale ulifika 290.

"Bado hujafika, mama, ila unatembea," alisema muuguzi. "Kazi endelea nayo, lakini mfuko usiuache."

Sasa anataka kuwashonea mifuko kama huo washona mito wenzake wa mtaa wa pili, ambao bado wanabana pumzi na kunywa maziwa. Na anataka mluzi wake urudi.

Leo chai iko tayari. Kifuniko kimetundikwa ukutani, lakini hakishiki. Anasimama mlangoni, anavuta hewa kwa pua mpaka tumbo linajaa, anakunja midomo. Mluzi unatoka, mfupi, wenye mikwaruzo.

Ng'ambo, fundi viatu anaendelea kugonga soli. Mteja wake ndiye anayemgusa bega.

"Mzee, unaitwa kwenu."

"Aa, bado. Sijasikia kifuniko."

"Si kifuniko. Ni mluzi."

Nyundo inasimama hewani.