Wageni Watanawa na Nini?

Kikundi cha akina mama wa mtaa wetu wa Nyalenda kilinichagua kuwa katibu kwa sababu moja tu: nilikuwa na kompyuta. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeandika ombi la ruzuku kwa wakfu mmoja wa matajiri wanaopenda sana kuona jamii ikistawi. Tulichotaka ni bomba la maji. Lililokuwepo lilikuwa mbali, na mama yangu, mwenye goti bovu, aliliendea mara nne kwa siku na mtungi wa lita ishirini. Nilitaka goti lile lipumzike.

Fomu haikuridhika na bomba. Nikajaza kurasa tisa za uwezeshaji, ustahimilivu na mshikamano. Nusura nisahau kutaja kwamba bomba lingetoa pia maji.

Wakfu ukatuma wakaguzi wawili waje waione shida kwa macho yao. Hapo ndipo tulipojimaliza. Kwetu mgeni haonyeshwi shida; anaonyeshwa kwamba amefika kwa watu. Akina mama waliazima makochi, wakafua vitambaa vya kuyafunika, wakaogesha watoto, wakanyunyizia ua maji ili vumbi litulie. Mkokoteni wa muuza maji ulikuja mara tatu asubuhi ile, na mama akaongeza mitungi yake. Nilipomsihi tuache walau masufuria machafu, alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nyathina, mwanangu, wageni watanawa na nini?"

Walinawa kwa maji ya vuguvugu, kila mmoja akimiminiwa. Wakala ugali kwa samaki wa mbuta, wakaongezwa, wakaongezwa tena. Mkaguzi mmoja akauliza kama kweli maji ni shida hapa. Mwenyekiti wetu, mama aliyelia machozi kwenye mkutano kwa ajili ya maji hayohayo, akamsogezea sahani.

"Ni shida kidogo tu, Bwana. Wewe kula kwanza."

Barua ilikuja baada ya miezi miwili. Wakaguzi hawakuona upungufu wowote wa maji. Hata hivyo, walivutiwa mno na usafi wetu, kwa hiyo wakfu ungetupa ruzuku ya semina ya siku tatu, hapohapo uani, tuwafundishe wenzetu wa mitaa mingine siri ya ustawi. Fulana zingeletwa.

Nilikasirika. Nilimsomea mama barua yote. Alikuwa amekalia mtungi wake, akilisugua goti kwa mafuta.

"Lakini wale wageni walishiba?"

"Walishiba, Mama."

"Na hawa wa semina, watakuja wengi?"

"Arobaini."

Alifunika chupa ya mafuta, akashika ukuta, akainuka polepole.

"Basi lete na ule mtungi mwingine," akasema. "Huu mmoja hautatosha watu kunawa."