Sentensi za marehemu Hodan

Leo nimemtoa dada yangu kwenye kompyuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Mnajua natafsiri hapa Garissa. Programu yangu hutunza kila sentensi ya zamani, na ikipata inayofanana huileta, pamoja na jina la aliyeitafsiri.

Kumbukumbu hiyo imefika sentensi laki sita. Kufungua sentensi moja, sekunde arobaini!

Na tangazo la kipindupindu la kambi ya wakimbizi ya Ifo lilibakiza saa moja kutumwa. Sentensi mia mbili. Hesabu hiyo ni zaidi ya saa mbili.

Nikampigia fundi.

"Abaayo, dada, toa za zamani. Hizo hazina kazi."

Hazina kazi! Za zamani ni za dada yangu Hodan, aliyenifundisha kazi hii kabla hajafariki, Allah amrehemu.

Lakini watu wanaumwa. Nikazihamishia kwenye flashi.

Kasi ikarudi. Nikafika "Mpe mgonjwa maji kidogo kidogo." Hodan aliitafsiri zamani, vizuri kuliko mimi. Nikangoja jina lake.

Halikuja. Nikaandika yangu, nikatuma kwa wakati.

Watafsiri wenzangu, nyinyi za marehemu wenu mmeziweka wapi?